Shikome lilivyohamia mjini: historia ya meza ya pamoja Bariadi

Machi 2027 Mkoa wa Simiyu utatimiza miaka 15 tangu utangazwe rasmi, pamoja na Geita, Katavi na Njombe. Hotuba za siku hiyo mtu anaweza kuzikisia mapema: barabara za lami, hospitali, madarasa, na pamba, maana huu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Yote yanastahili kusemwa. Lakini lipo jambo moja lililobadilisha maisha ya Bariadi ambalo halijawekewa jiwe la msingi wala kukatiwa utepe, nalo ni meza ya chakula.

Jioni marafiki wanne wanatoka kazini, mwalimu, muuguzi, fundi simu na mwenye duka la pembejeo. Wanaketi, wanaagiza kilo ya mbuzi wa kuchoma na ugali. Nyama inakatwa na kuletwa kwenye ubao mmoja, chumvi na pilipili pembeni, kachumbari katikati. Mhudumu anapita na jagi la maji ya vuguvugu na beseni, kila mtu ananawa, wanaanza kumega. Wawili ni wanawake, wawili ni wanaume, na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Miaka 60 iliyopita meza ya namna hiyo ingezua maneno katika kaya zote nne walikotoka.

Kula chombo kimoja kwenyewe hakukuletwa na mji. Usukumani kuna shikome. Mapadri wawili wa shirika la Maryknoll, Joseph Healey na Donald Sybertz, walioishi miaka mingi Tanzania, na Sybertz hasa akiwa kati ya Wasukuma wa Shinyanga, walikusanya methali, hadithi na desturi na kuchapisha kitabu mwaka 1996, Towards an African Narrative Theology. Kula pamoja kumepewa nafasi kubwa humo, kwa sababu waandishi hao waliona kwamba kwa watu waliowasikiliza, undugu huthibitishwa pale mikono inapokutana kwenye chungu. Nimewafuata wao kwa sehemu kubwa katika kulieleza shikome, pamoja na yale ambayo kila mtu aliyekulia kaya ya zamani anayajua.

Shikome ni mahali pa moto uani, karibu na zizi. Moto wenyewe aghalabu ni wa samadi kavu ya ng'ombe, unaofuka polepole bila haraka ya kuisha. Jua likizama, wanaume wa kaya hukusanyika hapo, wazee, vijana na wavulana, pamoja na mgeni yeyote aliyepitiwa na usiku. Kaya kubwa ilikuwa na nyumba kadhaa, na kila nyumba ilipeleka chakula chake motoni: ugali wa mtama au uwele, nsansa, ambayo ni majani ya kunde yaliyokaushwa, mlenda, maziwa ya mgando, na nyama ikiwapo. Hapakuwa na chakula cha nyumba hii na chakula cha nyumba ile. Vilivyofika vililiwa na wote, mkubwa akianza, mvulana akijifunza kusubiri. Nyumba ambayo mwaka huo haikuvuna vizuri haikuonekana uchi, kwa sababu chungu chake chepesi kilichanganyika na vya wenzake. Mambo ya ng'ombe waliopotea, mahari, mipaka ya mashamba na ngoma za Bagika na Bagalu yalizungumzwa hapo hapo, mdomo ukiwa na tonge.

Wanaolisifu shikome, na mapadri wale ni miongoni mwao, huliita shule. Ni kweli lilikuwa shule. Ila wanafunzi wake walikuwa wa kiume watupu. Mwanamke aliyetwanga mtama, akausaga kwenye jiwe, akasonga, akatwika na kupeleka, alirudi ndani na kula na mabinti zake na watoto wadogo. Mazungumzo yaliyoamua mambo ya kaya aliyasikia kwa mbali, au hakuyasikia kabisa. Jambo hili nalisema mapema kwa sababu historia yote inayofuata, kwa jinsi ninavyoiona, ni ya wanawake ambao hawakukalishwa shikomeni lakini ndio waliolijenga upya mjini.

Kabla ya mji kulikuwa na mnada. Wasukuma ni wafugaji, na siku ya mnada wa mifugo watu walitembea umbali mrefu. Penye mnada palichinjwa, na penye kuchinjwa pakawashwa moto. Vipande vya nyama vilichomekwa kwenye vijiti na kusimikwa kuzunguka makaa, mafuta yakidondoka. Wanaume wasio ndugu, wenye pesa ya ng'ombe mfukoni, walichangishana na kununua paja zima, wakaketi chini na kisu kimoja. Hiyo nadhani ndiyo nasaba halisi ya kilo ya nyama tunayoagiza leo: chakula cha njiani, cha watu waliokutanishwa na biashara, kinachogawanywa kwa kuwa mmoja peke yake hawezi kukimaliza wala kukilipia.

Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, katika Maswa ya leo. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu waliokuwa wakifungua maduka Usukumani walikuja na chai ya maziwa, chapati, sambusa na pilau, na Waarabu na watu wa pwani wakaja na sinia, ambalo lina adabu yake: kila mmoja hula upande wake na hapitishi mkono mbele ya mwenzake. Vibanda vya chai vikafuata maduka. Bariadi wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa.

Kilichoujaza mji watu wenye pesa kilikuwa pamba. Zao hili lililetwa na Wajerumani, likapanuka kwa kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na pamoja nalo ukaja ugomvi wa mizani. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja kilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji, na kutoka hapo ukakua ushirika. Chini ya Paul Bomani, Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria lilianzishwa mwaka 1955, na katika miaka michache likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika barani. Msimu wa kuuza pamba ni wa kiangazi, kazi ya shamba imepungua, ghala zina nafaka, na ngoma za mashindano zinapigwa. Mkulima aliyelipwa alinunua ng'ombe kwanza, maana ng'ombe ndiye benki, kisha bati, baiskeli na khanga. Kilichobaki kiliishia hotelini pamoja na rafiki aliyemsindikiza. Mtu wa kijijini hakwenda mjini peke yake na hakula mjini peke yake.

Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967. Operesheni Vijiji ikawahamisha watu katikati ya miaka ya 1970, na kaya zilizokuwa zimetawanyika zikapangwa kwa mistari. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ikafunga maduka ya watu binafsi kwa muda, na Mei mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulileta mahindi ya njano ya msaada, ugali wa yanga, ambao watu wa umri fulani bado wanaukumbuka kwa harufu. Vikaja Vita vya Kagera. Sukari, unga, sabuni na mafuta ya kula vikawa vya foleni. Hoteli isiyo na sukari haina chai, na isiyo na chai haina asubuhi.

Katika shida hiyo ndipo walipotokea wanawake wa sufuria.

Simulizi lao limeandikwa vizuri zaidi kwa Dar es Salaam kuliko kwa mji mwingine wowote nchini, na aliyeliandika ni Aili Mari Tripp, mtafiti aliyefanya kazi yake jijini humo mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuitoa katika kitabu Changing the Rules mwaka 1997. Hoja yake kuu ni kwamba mshahara ulikufa. Mtumishi wa serikali aliyelipwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1970, muongo mmoja baadaye hakuweza kulisha nyumba yake hata nusu mwezi. Mke akaanza kukaanga maandazi, kuuza barafu, kufuga kuku, kushona. Wengine wakabeba sufuria, mafiga na mabenchi, wakaketi chini ya mwembe karibu na karakana, bandari, soko au jengo linalojengwa, na kuuza ugali kwa maharage, wali, mchicha na samaki kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kula kwingine. Watu wakawaita mama ntilie, na baadaye mama lishe.

Mwaka 1983 serikali ikawageukia. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilikuwa imeanza Machi. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi inayotambulika. Wazo lilizaliwa katika taifa lililoamini kwamba jasho la halali ni la shambani, kiwandani au ofisini. Aliyekutwa mjini akiuza karanga, aking'arisha viatu au akipika kando ya barabara alihesabiwa pamoja na wazururaji. Misako ikafanyika. Watu walikamatwa, wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini wakalime. Wengi walirudi mjini muda si mrefu baadaye, wakaanza tena pale walipoachia.

Sioni sababu ya kuwadhihaki waliotunga sheria ile. Nchi ilikuwa imetoka vitani, haina mafuta ya magari wala fedha za kigeni, na viongozi wake walitafuta mikono ya kuzalisha. Kosa lao lilikuwa kutomhesabu mpishi kuwa mzalishaji. Fundi anayejenga kituo cha afya akila ugali saa saba mchana, ugali huo ni sehemu ya kituo cha afya. Mama aliyeusonga alikuwa kazini tangu alfajiri: kununua mkaa, kuchota maji, kuchambua maharage, kuwasha moto, kupika, kupakua, kuosha vyombo, kudai madeni. Aliyemwita mzururaji alikuwa hajasimama karibu na jiko lake.

Tripp anaonyesha kwamba kilichoishinda kampeni hiyo hakikuwa maandamano wala mgomo. Watu waliendelea tu. Askari aliyetumwa kuwaondoa akina mama huenda mchana alikula kwao kwa mkopo, na ofisa aliyemtuma alikuwa na mke anayekaanga maandazi nyumbani. Nguvu ya sheria ikalegea katikati ya mikono iliyotakiwa kuitekeleza. Wafanyabiashara wadogo wakaanza kupewa leseni, na leseni hizo zikaitwa kwa jina lile lile, Nguvu Kazi. Karatasi iliyobeba jina la msako ndiyo ikawa kinga ya mama ntilie dhidi ya msako, na ilitumika mpaka mwaka 2003.

Sheria ilikuwa ya nchi nzima, na Bariadi, wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga, haikuwa nje yake. Ila kwa mji mdogo kama huu hoja ya kuwarudisha watu mashambani ilikuwa na udhaifu wa ziada. Dar es Salaam kijiji kiko mbali, mtu anapelekwa kwa gari. Bariadi kijiji kinaanzia nyuma ya duka la mwisho. Mwanamke anayepika sokoni msimu wa mauzo ya pamba ndiye aliyeipalilia pamba hiyo miezi michache nyuma. Akikunja mabenchi mvua zinapoanza, anashika jembe. Kumwambia achague kati ya mjini na shamba ni kumkata mwilini, kwa sababu kaya yake ilikula kutokana na vyote viwili, na bado inakula hivyo leo.

Benchi la mama ntilie lilifanya jambo ambalo hoteli za zamani hazikulifanya. Lilimkalisha kila mtu. Mwanafunzi wa kike aliyekuja mjini kufanya mtihani, mjane aliyefuata kesi, muuguzi mgeni aliyepangiwa kazi Somanda, wote waliweza kuketi na kula hadharani bila kuonekana wamekaa mahali pasipo pao, kwa kuwa mwenye mahali alikuwa mama kama mama zao. Sahani ilikuwa ya mtu mmoja, kweli, lakini jagi la maji lilikuwa la wote, bakuli la pilipili la wote, na mwenye pesa pungufu aligawiwa mboga na jirani. Nyama choma ilibaki mikononi mwa wanaume, kuanzia buchani mpaka kwenye jiko la mkaa, na kwa sehemu kubwa iko huko mpaka sasa. Lakini mwanamke wa Bariadi asingeizoea meza ya nyama choma kama asingelizoea kwanza benchi la mama ntilie.

Mwaka 1984 biashara ikaanza kulegezwa. Azimio la Zanzibar la 1991 likawaruhusu viongozi wenyewe kuwa na miradi, na tangu hapo hakuna aliyemwonea haya mke anayepika kwa pesa. Vibanda vikapata bati, baa zikapata majiko ya kuchomea, na chipsi zikaingia kutoka miji mikubwa zikabaki.

Ulipoundwa mwaka 2012, mkoa mpya ulikuwa na watu 1,584,157 kwa sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2.1. Ofisi za mkoa zilileta watumishi wageni, wengi wakiwa vijana wasio na familia karibu, na kijana wa namna hiyo hana wa kumpikia wala wa kula naye isipokuwa wenzake wa kazini. Barabara ya lami kutoka Lamadi ilisogeza ziwa karibu: sato wa Busega anafika Bariadi angali mbichi, anakaangwa mzima na kuwekwa katikati ya watu wawili. Kisha mwaka 2018, 2019 na 2020 Maonesho ya Nanenane kitaifa yakafanyika Nyakabindi, miaka mitatu mfululizo, na mji ambao haujawahi kulisha umati wa aina hiyo ukalazimika kujifunza haraka. Akina mama wa vibanda ndio waliobeba mzigo huo.

Na wamelipwa nini? Desemba 2018 walipewa fursa ya kununua kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kilikuwa kinga nzuri kwa wakati wake, ndugu wa leseni ya Nguvu Kazi. Mwaka 2024 taifa likazindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nao mama lishe wanatajwa humo mara kwa mara, kwa sababu moshi wa mkaa na kuni wanaupumua wao kabla ya mtu mwingine. Lakini mitungi ya gesi peke yake haiwapi bomba la maji, choo, kivuli wala uhakika kwamba stendi au soko jipya likijengwa watapata nafasi ndani. Kila mji wa nchi hii unapopangwa upya, jiko la mama lishe ndilo la kwanza kuhamishwa na la mwisho kutafutiwa mahali. Jambo hilo linaniumiza.

Kinachoniumiza vilevile ni vyakula vyenyewe. Mtu anaweza kula Bariadi wiki nzima, asubuhi mpaka usiku, asione nsansa mezani. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa akili ya watu waliojua njaa inakuja mwezi gani, vinauzwa sokoni kwa kopo na kuishia majumbani. Ugali wa mtama umekuwa chakula cha kuelezewa watoto. Mji uliozaliwa na shikome unawapa wageni wake chipsi na soseji, halafu unashangaa kwamba hawana cha kusimulia wakirudi kwao. Mkahawa mmoja tu wenye ujasiri wa kuweka sinia la Kisukuma, ugali wa uwele, nsansa ya karanga, mlenda, maziwa ya mgando, sato na nyama ya kuchoma, kwa watu wanne au sita, ungefanya kazi kubwa kuliko mabango mengi ya utalii. Wanaojua kuupika upishi huo bado wako hai, na wengi wao wako sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati itakayopanga maadhimisho ya Machi 2027. Zabuni ya chakula isipelekwe kwa kampuni ya mapambo na vyakula kutoka Mwanza. Wapewe mama lishe wa Bariadi, Maswa, Mwanhuzi, Lagangabilili na Nyashimo, kila wilaya na chungu chake, na walipwe siku hiyo hiyo. Kipikwe cha nyumbani. Kiliwe kwenye masinia, viongozi na wakulima wa pamba wakichanganyika. Na kazi ya kupakua ikiisha, waliopika waitwe kwa majina, wanawe mikono, waketi kwenye masinia yale yale.